Utepe wa Maktaba ya Vumilieni

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya bado ipo. Jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu jina hilo lilipelekwa wizarani kuhakikiwa na faili halijarudi. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na ina sheria moja ambayo wakubwa wake wanaiogopa kuliko amri zote za Mungu: kitu kilichojengwa na serikali hakitumiki mpaka kizinduliwe.

Msicheke, jamani. Kisima kikichimbwa, maji hayanywewi mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe, aonje, atabasamu. Daraja halivukwi. Choo hakiingiwi hata kama mtu amebanwa namna gani, na kuna wilaya moja ya kusini ambako watu walikizunguka choo kipya kwa miaka minne wakienda kujisaidia kichakani nyuma yake. Kwa kazi hiyo nchi ina Wizara ya Uzinduzi, yenye waziri, manaibu waziri wawili, na afisa mmoja mwenye cheo cha Mtunza Mikasi wa Taifa. Huyu hubeba mikasi ya dhahabu juu ya mto wa mahameli, na hana kazi nyingine hapa duniani.

Basi katika mji wa Vumilieni ilijengwa maktaba. Maktaba hasa, si kibanda: vitabu elfu sita, meza za mninga, madirisha manane ya vioo marefu kuliko mtu. Siku fundi wa mwisho alipokusanya vyombo vyake, utepe mwekundu ulifungwa mlangoni, barua ya kumwalika mgeni rasmi ikaandikwa, na mji ukakaa kumngoja. Ukamngoja miaka kumi na mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wahenga hawakuwa na Wizara ya Uzinduzi.

Aliyeajiriwa kungoja kwa niaba ya mji alikuwa mkutubi, Bi. Zawena Lukindo, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na tena mtu wa kuheshimu waraka kuliko anavyoliheshimu tumbo lake. Alikabidhiwa Waraka Namba Saba, na waraka ulisema: asiye mtumishi asivuke utepe kuingia, na kitabu kisivuke utepe kutoka. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtumishi, aliingilia mlango wa nyuma. Akafuta vumbi, akapanga vitabu, akaketi mezani akawatazama wapita njia, nao wakamtazama. Mwaka mzima wa kwanza kazi yake ilikuwa hiyo, na serikali ilimlipa bila kinyongo, maana hakuna mtumishi anayeisumbua serikali ile kidogo kuliko yule asiyefanya kitu.

Mwaka wa pili akaja mkulima mmoja wa vitunguu. Hakubisha mlango, alijua mlango hauna maana. Aligonga kioo cha dirisha, akainua juu kitunguu kimoja kilichooza, akakigeuza mbele na nyuma ili mama wa ndani akione vizuri. Bi. Zawena alikitazama kitunguu, akautazama waraka uliobandikwa ukutani, akausoma upya neno kwa neno. Waraka ulikataza kuingia na ulikataza kutoka. Juu ya kutazama haukuwa umesema lolote. Akaenda rafuni, akachukua kitabu cha magonjwa ya vitunguu, akakifunua akakibandika kwenye kioo kwa ndani. Mkulima akasoma akiwa amesimama juani. Akigonga kioo mara moja, mama anafunua ukurasa. Vitunguu vyake vilipona, na kesho yake dirishani kulikuwa na watu wanne.

Ndivyo ilivyoanza. Kufikia mwaka wa tano madirisha yote manane yalikuwa na foleni. Bi. Zawena alimwomba seremala amchongee vishikizo vya kusimamishia vitabu, akawa anazunguka ndani kama mama mwenye masufuria manane jikoni, huku anafunua, kule anafunua. Kugonga mara moja ni geuza. Mara mbili ni rudisha nyuma. Mara tatu ni kitabu hiki kimenishinda, nitafutie chepesi. Dirisha la kwanza lilikuwa la watoto wa shule ya jirani. Shule hiyo nayo ina maktaba yake, ila ufunguo anao mwalimu mkuu, na humo ndani mwalimu mkuu anafuga mbuzi wa sherehe ya mahafali. Dirisha la tano lilikuwa la watu wazima wasiojua kusoma, ambao Bi. Zawena aliwaandikia herufi moja moja kwa mate na chokaa juu ya kioo, akiziandika kinyumenyume ili wao wazione sawasawa. Mvua ikinyesha walisoma chini ya miavuli. Watu wa Vumilieni walizoea kusoma wima hata wakadhani ndivyo vitabu vinavyosomwa duniani kote.

Kila Desemba Bi. Zawena aliijaza fomu ya wizara kwa uaminifu. Wasomaji waliomo maktabani: hakuna. Vitabu vilivyoazimwa: hakuna. Vitabu vilivyopotea: hakuna. Ya madirishani hakuyaandika, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu ya madirisha. Wizara ilifurahi, ikampa cheti cha mkutubi bora wa taifa mara tatu mfululizo.

Dirisha la tatu lilikuwa na mteja wake wa kudumu, Bi. Mwamtoro, muuza vitumbua wa pale stendi. Alikuwa mjane. Mumewe alifariki mwaka uliopita, na arobaini haijaisha, shemeji yake aitwaye Kibwana akaja na futi ya kupimia. Akapima kiwanja, akapima nyumba, akapima hata kitanda. Kisha akaenda Baraza la Ardhi kufungua shauri kwamba nyumba ni ya ukoo, na mjane arudi kwao alikotoka. Kwao Mwamtoro alikotoka miaka thelathini iliyopita palikuwa pamebaki makaburi tu. Shauri likapangwa kusikilizwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi uliofuata.

Ndani ya maktaba mlikuwa na kitabu cha Sheria ya Viwanja na Mirathi, kimoja tu mkoa mzima ambacho mtu aliweza kukifungua. Bi. Zawena alipokifungua kwenye yaliyomo aliona: Haki za Mjane, ukurasa wa tisini na sita. Akasimama juu ya kigoda akasemea kwenye tundu la hewa juu ya dirisha.

"Nikurukishe mpaka tisini na sita, mwenzangu?"

"Usinirukishe, dada," Mwamtoro akajibu kutoka nje. "Shuleni walinirukisha kwa kuwa mimi mtoto wa kike. Urithi wa baba wakanirukisha. Hiki nitakisoma toka mwanzo, nisije nikaulizwa neno barazani nikabaki nimeduwaa."

Akahesabu siku. Kurasa mbili kwa siku, baada ya kumaliza vitumbua, Ijumaa ya kabla ya shauri atakuwa amefika, na Jumatatu atasimama barazani akiwa na sheria kichwani. Akasoma hivyo majuma saba, kidole chake kikifuata mstari juu ya kioo, midomo ikicheza. Siku moja akakitoa kidole kwenye kioo akamtazama mkutubi usoni.

"Dada Zawena, mimi na kitabu hicho tumetenganishwa na kioo tu. Kwa nini usinipe nikaenda nacho nyumbani nikakisoma nimekaa?"

"Waraka Namba Saba, mwenzangu."

"Huo waraka nao umefiwa na mume?"

Bi. Zawena alirekebisha miwani, akafunua ukurasa. Aliona haya, na haki yake aone haya, maana mlango wa nyuma ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale aliposimama. Lakini hakumpa. Nchi ile haikuendeshwa na watu wabaya peke yao. Wangetoka wapi wa kutosha? Iliendeshwa na watu wema wanaoheshimu waraka.

Jumatano, Mwamtoro akiwa ukurasa wa tisini na tatu, barua ikafika. Mgeni rasmi amepatikana. Waziri wa Uzinduzi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Fulgence Mapambio, atafika Jumamosi saa nne kamili asubuhi. Na saa sita mchana wa siku ile ile likaja gari la Afisa Maandalizi wa Mkoa, Bwana Pastory Mbwilo, mtu wa suti ya kahawia na simu tatu, ambazo alizishika zote kwa mkono mmoja ili mkono wa pili uwe huru kunyooshea watu kidole.

Bwana Mbwilo alilizunguka jengo kwa nje. Alipofika kwenye madirisha akasita, akagusa kioo, akanusa kidole.

"Haya mafuta ni ya nini?"

"Ni ya vipaji vya nyuso, mkubwa," akasema Bi. Zawena. "Na pua."

"Vipaji vya nyuso vya nani?"

"Vya wananchi."

"Wananchi wanatafuta nini kwenye vioo vya serikali?"

"Wanasoma, mkubwa."

Bwana Mbwilo alikaa kitako kwenye ngazi za maktaba. "Kabla ya uzinduzi?" akauliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa bi harusi ameshazaa watatu.

Kamati ya Maandalizi ikaitishwa hapo hapo chini ya turubai. Wajumbe walikuwa kumi na tisa, na wote walikula. Bwana Mbwilo akasimama. "Ndugu wajumbe," akasema, "maktaba ni moyo wa taifa. Na moyo, kama mnavyojua, unakaa ndani. Hakuna nchi yenye heshima zake inayouweka moyo dirishani ukakodolewa macho na wauza vitumbua. Mheshimiwa anakuja kuwafungulia wananchi hawa mwanga. Sasa akikuta wameshaona, atawafungulia nini?" Wajumbe walipiga makofi kwa muda mrefu, na mmoja akaomba hotuba hiyo iandikwe kitabu.

Maazimio yalikuwa mepesi. Kwanza, madirisha yote manane yapakwe rangi, na katika kila moja ichorwe picha ya Mheshimiwa: akilima, akimbeba mtoto, akikagua kisima, na kadhalika. Katika la nane achorwe akisoma. Kwa kuwa haikupatikana picha yoyote ya Mheshimiwa akisoma, walitumia ile aliyopigwa akitazama orodha ya vyakula hotelini. Pili, vitabu. Bwana Mbwilo aliingia ndani, akavikagua, akatikisa kichwa. Vimepauka kwa jua la dirishani, vina pembe zilizolegea, vinaonekana kama vimetumika. Mheshimiwa hawezi kuzindua vitabu vilivyochoka. Maseremala wachonge mbao zenye umbo la migongo ya vitabu, zipakwe nyekundu, kijani na dhahabu, zote urefu mmoja. Mbao hazipauki, alisema, hazichaniki, na hazimpi mtu mawazo. Tatu, wananchi watakaongoja wapewe karanga za kukaanga, na karatasi za kufungia karanga, ndugu wajumbe, tumeshazipata.

Alhamisi wachoraji wakaanza kazi. Mwamtoro alikuwa dirishani kwake, ukurasa wa tisini na nne. Mchoraji akaanza kupaka kutoka kushoto, na kadiri brashi ilivyosogea, naye Mwamtoro alisogeza kichwa. Hakugombana na mtu; alikuwa anasoma. Mistari mitano ya mwisho ya ukurasa wa tisini na tano aliisomea kwenye tundu la ukubwa wa kiganja, ambalo mchoraji alikuwa ameliacha kwa ajili ya jicho la Mheshimiwa. Akagonga mara moja ili afunuliwe. Bi. Zawena akafunua. Brashi ikapita, jicho likazibwa.

Bi. Zawena alibaki ndani gizani na kitabu mkononi, ukurasa wa tisini na sita uko wazi na hauonekani. Akasema moyoni kwamba waraka haujakataza kunakili. Kesho asubuhi, mwanga ukiingia kwa mlango wa nyuma, atainakili sehemu ile kwa mkono ampelekee mwenzake. Kesho. Watumishi wote wa nchi ile walikuwa na nia njema, na zote walikuwa wameziweka kesho.

Ijumaa saa mbili alipofika, magunia yalikuwa yanatoka kwa mlango wa nyuma mabegani mwa vijana wa kazi. Rafu zilikuwa zinapigiliwa zile mbao mpya kwa misumari. Alimkimbilia Bwana Mbwilo.

"Mkubwa, nakuomba kitabu kimoja tu. Cha Sheria ya Viwanja. Kuna mama ana shauri Jumatatu."

"Mama," akasema Bwana Mbwilo kwa upole wa kuudhi, "wewe ni mkutubi bora mara tatu. Unajua kabisa kwamba kitabu hakitoki kabla ya uzinduzi."

"Na hivi vinavyotoka?"

"Hivi si vitabu. Vilifutwa kwa barua saa moja na nusu. Hizi ni karatasi."

Bi. Zawena alitazama gunia likipita. Alikuwa ameishi na vitabu vile muda mrefu kuliko alivyoishi na ndugu zake. Alijua kipi kina ukurasa uliokunjika na kipi kimetobolewa na nondo. Miaka kumi na mmoja hakumpa mtu hata kimoja, na sasa vinatoka vyote kwa mara moja, na utepe uko mlangoni haujaguswa. Alienda nyuma ya jengo akalia. Alilia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa yake mwenyewe juu yake mwenyewe.

Jumamosi saa nne kamili Mheshimiwa hakufika. Saa sita hakufika. Ngoma zilichoka, kwaya ya shule ilirudia wimbo wa kumkaribisha mara tisa, mbuzi wa mahafali akachinjwa kwa ajili ya meza kuu. Ili watu wasiondoke, Bwana Mbwilo akaamuru karanga zigawiwe. Kila mwananchi akapata kifuko cha karatasi kilichosokotwa vizuri, watu elfu tatu na ushee. Wakala. Walipomaliza kula, mmoja akakifungua kifuko chake akakinyoosha gotini. Wa pili akafungua. Baada ya robo saa uwanja mzima ulikuwa kimya, watu elfu tatu wameinamisha vichwa, kwa mara ya kwanza maishani mwao wanasoma wamekaa. Kilichosikika ni minong'ono tu: nani ana mwendelezo wa kuku wenye ugonjwa wa kideri, nani kapata ukurasa wa mjamzito anapovimba miguu, nipe hiyo nikupe ya mipaka ya nchi.

Saa tisa msafara ukaingia. Mheshimiwa Mapambio alishuka garini, akaona umma uliojiinamia bila chafya, akamnong'oneza Mbwilo.

"Wana nini hawa?"

"Ni heshima, Mheshimiwa. Wanashindwa kukutazama."

Mheshimiwa aliguswa sana. Akapanda jukwaani, akapewa karanga zake kwenye sahani ya maua, naye akapendelea kuzila kutoka kwenye kifuko ili aonekane mtu wa watu. "Ndugu wananchi," akaanza, "mimi nimefika hapa nilipo kwa sababu ya kitabu. Sikumbuki ni kipi. Lakini nawaambia, kitabu ni silaha, na serikali makini haigawi silaha ovyo." Akaendelea hivyo kwa saa moja. Hakuna aliyemkatiza, kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Kisha Mtunza Mikasi akaleta mto wake. Mikasi ilikuwa butu kwa kupigwa msasa kila wiki ili ing'ae, ikabidi Mheshimiwa ausugue utepe kama anayekata nyama ngumu, na Mbwilo akamsaidia kwa meno. Wakaingia. Mheshimiwa alizisifu rafu kwa jinsi zilivyonyooka. Aliponyoosha mkono kuchomoa kitabu kimoja chekundu, Mbwilo akamwahi: vimepangwa kitaalamu, Mheshimiwa, visivurugwe.

Wakati huo wote Bi. Zawena na Mwamtoro walikuwa wanapita katikati ya watu, safu kwa safu, wakiinama kila gotini. Walipata ukurasa wa kumi na mbili wa Sheria ya Viwanja kwa fundi baiskeli. Wakapata arobaini kwa mama mwenye mapacha. Tisini na sita hawakuiona.

"Tisini na tano na tisini na sita ni karatasi moja," Bi. Zawena akamwambia. "Ile uliyoisoma juzi. Unayoitaka iko mgongoni mwake."

"Juzi nilikuwa naisoma," akasema Mwamtoro, "na ilikuwa nyuma yake tu."

Mheshimiwa alirudi jukwaani kumalizia karanga zake, wapiga picha wakamzunguka. Ndipo Bi. Zawena akainua macho, na kwenye ule mkono mnene wenye pete mbili akaona kifuko, na kwenye ubavu wa kifuko, juu kabisa, namba tisini na tano. Aliijua karatasi ile hata kwa doa lake.

Mwanamke huyu hakuwahi kuiomba serikali hata likizo. Akapanda ngazi za jukwaa, walinzi wakamwachia kwa kuwa alivaa kitambulisho, akasimama mbele ya Waziri.

"Mheshimiwa, naomba hiyo karatasi."

Bwana Mbwilo alifumba macho. Lakini Mheshimiwa alitazama kifuko, akawatazama wapiga picha, na tabasamu likamwenea usoni taratibu. Katika maisha yake ya uongozi alikuwa ameombwa maji, barabara, dawa na kazi, vitu vya kuchosha. Sasa mtu anaomba alichokigusa. Akazimimina karanga zilizobaki kwenye kiganja cha Mbwilo, akainyoosha karatasi begani kwa Mtunza Mikasi, akachomoa kalamu. Akatia sahihi yake kubwa chini ya ukurasa, akaandika jina lote, vyeo vyote, na tarehe.

"Itunze," akasema. "Watoto wako waione."

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Bi. Zawena, na watu wakapiga makofi, maana walikuwa wamemaliza kurasa zao.

Mwamtoro aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akakung'uta chumvi, akasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. Ilisema mjane hataondolewa katika nyumba aliyoishi na marehemu mumewe, wala kiwanja cha nyumba hiyo hakitagawiwa, kuuzwa wala kupimwa bila ridhaa yake. Alipofika kwenye kupimwa akarudia mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe neno hili lilikuwepo siku zote," akaketi chini kwenye majani.

Jioni ile Bi. Zawena alipewa barua yake. Yeye aliajiriwa kuwa Mkutubi wa Maktaba Isiyozinduliwa. Maktaba imezinduliwa saa kumi na dakika kumi na mbili, hivyo cheo hicho hakipo tena duniani. Mlango ulifungwa kwa kufuli mpya ili uzinduzi usiharibiwe na matumizi, na kibao kikawekwa: Maktaba Iko Wazi.

Jumatatu wakaenda wote wawili Baraza la Ardhi. Mwenyekiti wake, Bwana Makungu, alikuwa ameamua mashauri ya wajane kwa miaka kumi na tisa bila kuiona sheria yenyewe, kwa kuwa nakala ya baraza bado ilikuwa haijazinduliwa. Aliamua kwa busara. Busara yake ilikuwa kwamba wanawake huolewa tena na viwanja haviolewi. Nje, kwenye benchi refu la ukutani, walikaa wajane wengine wa siku hiyo wakingoja hiyo busara.

Kibwana alieleza upande wake, futi yake imening'inia shingoni. Mwamtoro akasimama, akaanza na kifungu cha kwanza, akaenda cha pili, hatua kwa hatua, bila kuruka. Mwenyekiti akapiga miayo.

"Mama, maneno kila mtu anayo. Una karatasi?"

Mwamtoro akaiweka mezani. Ilikuwa na mafuta, ilinukia chumvi. Bwana Makungu akaishika kwa ncha za vidole akaitafuta kwa chini, kama anavyofanya kwa kila karatasi, maana alijifunza zamani kwamba juu kwenye maandishi hakuna faida. Akaiona sahihi. Akasimama wima. Karani akasimama. Kibwana naye akasimama, hajui kwa nini.

"Mheshimiwa Daktari wa Heshima Fulgence Mapambio," akasoma Mwenyekiti kwa sauti. "Ya juzi." Hakusoma kingine chochote. "Kwa mujibu wa karatasi hii, nyumba na kiwanja ni vya mama huyu."

"Lakini hiyo ni karatasi ya karanga," akasema Kibwana.

"Unaiita sahihi ya Mheshimiwa karanga?"

Kibwana aliivua futi shingoni akaitia mfukoni. Mwamtoro hakupiga kigelegele. Alisimama pale, machozi yanamshuka, anatikisa kichwa kwamba amesikia. Bwana Makungu akaanza kuikunja karatasi ili aiweke kwenye kabati la baraza, na hapo Bi. Zawena akanyanyuka kutoka kiti cha nyuma.

"Hiyo haibaki, Mwenyekiti."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mkutubi. Hiyo ni karatasi ya maktaba, na aliyeitia sahihi ameniambia niitunze. Kama utaizuia, niandikie kwa barua kwamba umeizuia, nimpelekee."

Bwana Makungu aliinyoosha haraka mkunjo aliokwisha kuutia, akamrudishia. Bi. Zawena akatoka nayo nje. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, kaniki imefungwa kiunoni, jina lake ndilo linalofuata kuitwa.

"Unajua kusoma, mwenzangu?"

"Najua. Nilisomea dirisha la tano."

"Basi hii nakuazima. Isome yote, hasa ya upande huu, usianzie chini kama Mwenyekiti. Ukitoka umpe jirani yako." Akampa mkononi.

Mama akasoma, akaingia. Waliobaki nje wakasikia kiti cha Mwenyekiti kikikwaruza sakafu: amesimama tena. Kufikia saa nane mchana alikuwa amesimama mara kumi na nne, magoti yanamuuma, na habari zilikuwa zimekwisha kufika stendi na sokoni. Akamuuliza karani wamebaki wangapi, ili ajue kama anaweza kukaa. Karani akachungulia nje. Akaiona foleni ya wanawake imetoka benchini, imepita geti, imekata kona kwa wauza mkaa, na Bi. Zawena yuko mbele yake na miwani yake ya uzi, anamwonyesha mmoja mahali pa kuanzia kusoma. Karani akarudisha kichwa ndani, akasema ni heri Mwenyekiti asikae.